Mtoto Hasikii, Mwalimu Hajui Alama

Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika skuli moja ya msingi huku Kaskazini A. Nina miaka minne kazini, na mwaka huu darasani kwangu wamo watoto 74. Kati yao yumo binti wa miaka tisa ambaye hasikii kabisa wala hasemi. Mama yake alimleta mwanzo wa mwaka, kamvalisha sare mpya na ushungi mweupe. Mwalimu mkuu alimpokea palepale, akanambia: "Siku hizi ni elimu mjumuisho, mwalimu, hatukatai mtoto." Basi, maelezo yakaishia hapo. Nikamkalisha mbele. Kila ninachoandika ubaoni anakiandika, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wa wenziwe, lakini haelewi hata neno moja. Ananakili tu.

Yumo pia mvulana asiyetulia. Hakai kwenye dawati, anatoka nje, anapiga wenziwe, na hadi leo herufi hazijui. Wenzangu wananishauri nimtie bakora.

Nimesoma chuo na diploma ninayo. Elimu maalumu tuliisoma katika somo moja; tukakariri aina za ulemavu, tukafanya mtihani, tukasahau. Mwaka juzi nilipelekwa semina ya siku tatu, nikarudi na cheti. Maishani mwangu sijapata kumwona mtu akimfundisha mtoto kiziwi.

Linaloniuma zaidi ni mama yake. Huja mara kwa mara kuniuliza, "Mwanangu anaendeleaje?" Namwambia anaendelea vizuri. Akifungua daftari anaona tiki nyekundu, anafurahi, mara nyengine ananiletea muhogo wa shambani kwake. Siku hizi nikimwona anakuja najificha ofisini. Mume wangu ananambia niache kazi, kuna nafasi ya mapokezi hotelini Nungwi na mshahara wake ni bora. Je, nimwambie mama ampeleke mwanawe skuli za mjini? Niendelee kumpa moyo? Au mimi ndiye nisiyefaa kuwa mwalimu?

Mwalimu anayejificha, Kaskazini A, Unguja

*

Mwanangu,

Nianze na la mama. Usimwambie tena kwamba mwanawe anaendelea vizuri. Mwambie hivi: "Mwanao ana akili na mkono wake ni mwepesi. Lakini anachokiandika hakielewi, kwa sababu hana lugha ya kukielewea, na lugha inayomfaa mimi siijui. Tuitafute pamoja." Yatamuuma, lakini hayatamshangaza kama unavyodhani. Yeye ndiye aliyeishi na mtoto huyo miaka tisa na anajua kwamba hasikii. Asilolijua ni kwamba zile tiki ni za mwandiko.

Kuhusu kufaa na kutofaa, mwalimu asiyefaa hajifichi. Hupiga tiki zake, akapokea muhogo wake, akalala usingizi mnono. Lakini aibu yako umeielekeza kwa mtu siye, na nitakueleza kwa nini.

Umeniletea watoto wawili katika barua moja. Sikulaumu, ndivyo tulivyozoezwa kuwahesabu, wote katika safu moja ya fomu, "wenye mahitaji maalumu". Shida zao haziko hata jirani. Kwa mvulana, ujuzi unaotakiwa unao tayari, ila hakuna aliyekwambia kwamba unao. Kwa binti hunao, na hakuna ari, huruma wala semina ya siku tatu itakayoziba pengo hilo. Kosa kubwa la siku zetu ni kuyachanganya mambo haya mawili. Ukiyachanganya, mwalimu anaogopa lile analoliweza, na wakuu wake wanalifanya jepesi lile asiloliweza.

Nimalizane na mvulana kwanza, maana yake ni mafupi. Kabla hujamwita mtundu, hakikisha anasikia na anaona. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Mtazame anapotizama ubao: anakunja uso? Masikio yake yanatoa usaha? Mtoto asiyeona ubao vizuri hana sababu ya kutulia mbele yake. Ukiona dalili, mwambie mzazi ampeleke hospitali. Kama masikio na macho ni mazima, mvunjievunjie kazi: badala ya maneno kumi, mpe mawili, ayamalize, umtume akalete chaki, kisha mawili mengine. Mkalishe karibu nawe, mbali na mlango, pamoja na mtoto mpole anayependa kufundisha wenziwe. Bakora weka kando, kwa sababu mtoto anayekimbia darasa hafundishiki kwa kupewa sababu nyengine ya kulikimbia.

Herufi mfundishe kwa kidole. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alianza kazi yake kule Roma na watoto wenye ulemavu wa akili ambao wengine walishawakatia tamaa. Alikuwa akiwapa herufi za kupapasa kwa vidole, baadaye zikawa za karatasi ya msasa. Mwaka 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa masikini wa San Lorenzo, akazitumia njia zilezile kwa watoto wasio na ulemavu wowote, nazo zikafanya kazi vizuri mno hata dunia nzima ikaziiga. Nawe huna haja ya karatasi ya msasa. Uko Kaskazini, mchanga hauna bei. Na utaona kwamba katika wale 74, wasiojua herufi si mvulana huyu peke yake.

Sasa nije kwenye swali ambalo hukuliuliza wazi lakini limejaa barua nzima: kwa nini hukufundishwa?

Kwa sababu mwalimu wa darasa la kawaida hakuwa sehemu ya hesabu tangu mwanzo. Upande wa Bara, elimu ya watoto wenye ulemavu ilianza na makanisa. Skuli ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1950 na Waanglikana. Skuli ya viziwi ya Tabora mwaka 1963 na Wakatoliki. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Zilikuwa skuli za peke yake, aghlabu za bweni, kila moja na aina yake ya ulemavu. Mafunzo ya walimu yalipoanza Tabora katika miaka ya 1970 yalifuata mkondo huohuo, na baadaye kazi hiyo ikawekwa katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Mwalimu alichukuliwa akiwa tayari kazini, akafundishwa ulemavu mmoja, wa uoni ama wa kusikia ama wa akili, kisha akarudishwa kwenye skuli maalumu ama kitengo maalumu. Kenya walifanya karibu hivyohivyo walipoanzisha taasisi yao ya KISE, Nairobi, mwaka 1986 kwa msaada wa Denmark, na Uganda wakajenga ya kwao Kyambogo, ambayo leo ni sehemu ya chuo kikuu.

Siwadharau waliopita huko. Wale waliokaa wakafunzwa nukta nundu mpaka vidole vikaota usugu ndio waliotupa kila tunachokijua leo. Lakini angalia matokeo yake. Kwa miongo mingi, mtoto mwenye ulemavu alikuwa kazi ya "mwalimu wa elimu maalumu", na mwalimu huyo alikuwa mtu mwengine, mahali pengine. Wewe ulisomeshwa na watu waliosomeshwa na watu walioamini hivyo.

Unguja ilipita njia yake. Elimu bila malipo ilitangazwa na Mzee Karume tarehe 23 Septemba 1964, na hadi leo tunaiadhimisha kila mwaka kwa gwaride na michezo ya watoto. Milango ilifunguliwa kwa mtoto wa mkulima na wa mvuvi. Mtoto kiziwi wa mvuvi alibaki uani, na sidhani kama kuna aliyekusudia iwe hivyo; hakuwamo tu katika picha ya "watoto wote" waliyokuwa nayo watu wa wakati ule. Mtoto asiyeona alikuwa na bahati kidogo, kwani katika chuo cha Kurani alikaa mkekani na wenziwe akahifadhi juzuu kwa kusikiliza, na wako waliokuwa masheikh. Skuli ndiyo iliyomshinda.

Mwaka 1985 watu wenye ulemavu wenyewe waliunda Umoja wao, UWZ. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990, vitengo vya elimu maalumu vikaanza ndani ya skuli za serikali; Kisiwandui na Jang'ombe ni miongoni mwa skuli za mjini zinazojulikana kwa hilo. Tazama tofauti na Bara: hapa hatukujengewa msururu wa skuli za bweni za mashirika ya dini. Tulichelewa, lakini tulipoanza, watoto waliingia lango lilelile la skuli wanaloingia wenziwao. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bahati yetu kubwa, na hatukuitumia ipasavyo, maana kuingia lango moja si kusoma somo moja.

Halafu likaja wimbi la mjumuisho. Juni 1994, wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba skuli ya kawaida ndiyo iwe mahali pa watoto wote. Hapa Zanzibar, katikati ya miaka ya 2000, Wizara ya Elimu ilianza majaribio katika skuli chache za Unguja na Pemba pamoja na jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, wakisaidiwa na wenzao wa Norway. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ikalitia jambo hilo katika maandishi, na mwaka huohuo tukapata sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Nawakumbusha wanaodhani mjumuisho ni amri ya wafadhili: katika ZAPDD wamo wazazi, na wengi ni akina mama waliochoka kuambiwa "mwanao hatumwezi".

Kwa hivyo mwalimu wako mkuu anasema kweli: hatukatai mtoto. Sehemu ya pili ya sentensi ndiyo aliyoimeza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sehemu hiyo ya pili ni mafunzo. Semina ya siku tatu naijua, na wewe unaijua: karatasi za manila ukutani, vikundi vinne, kila kikundi kinataja "changamoto" zilezile, chai na sambusa, posho, picha ya pamoja. Mmoja anapelekwa kutoka kila skuli ili akirudi awafundishe wenziwe. Akirudi anakuta vipindi vyake havikushikwa na mtu, na wenziwe wanachotaka kujua ni posho ilikuwa kiasi gani. Naweza kuwa mkali kupita kiasi, lakini sijamwona mwalimu aliyebadilika kwa kuangalia karatasi ya manila.

Wapo waliofanya vyengine, na si mbali. Mombasa, mwaka 1986, mwalimu mmoja, Bi Swafiya Said, alianza mpango wa madrasa za watoto wadogo kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na mwaka 1990 ukafika Zanzibar. Walichukua akina mama na mabinti wa mtaa, wengi wakiwa na elimu ya kawaida tu, wakawafunza kwa muda mrefu, na mkufunzi akawa anawafuata darasani mwao, anakaa nao, anafundisha nao, anarudi tena. Vifaa vilikuwa vifuu, makumbi na vitambaa. Haukuwa mpango wa elimu maalumu, lakini umetuachia somo kubwa kuliko yote kuhusu kumfunza mwalimu: anajifunza kazi mahali anapoifanyia, mbele ya watoto walewale, na mtu anayejua akiwa pembeni yake. Katikati ya miaka ya 2010, Wizara ilipofanya kazi na watu wa mtandao wa elimu mjumuisho, EENET, na chama cha watu wenye ulemavu cha Norway, walifuata fikra ya aina hiyo. Moduli ziliandikwa pamoja na walimu wa hapa na wa Zambia, zikajaribiwa madarasani, na filamu za kufundishia zikapigwa katika skuli za nchi hizi mbili. Uliza katika Kituo cha Walimu Mkwajuni kama wanazo. Filamu ile itakuonyesha darasa lililojaa kama lako na mwalimu mwenye ushungi kama wako, na hilo lina faida kuliko orodha ya aina za ulemavu.

Hayo yote, hata hivyo, yatakusaidia zaidi kwa mvulana. Kwa binti nasema tena: yeye anahitaji lugha.

Walimu wa viziwi wamewahi kupotoka vibaya katika hili. Mwaka 1880, huko Milan, Italia, walikutana walimu kutoka nchi mbalimbali, karibu wote wenye kusikia, wakapiga kura kwamba mtoto kiziwi afundishwe kusema kwa mdomo na kusoma midomo ya watu, na lugha ya alama iondolewe darasani. Walimu viziwi walipoteza kazi. Watoto walifungwa mikono ili wasiashirie. Kwa takriban karne nzima, katika nchi nyingi, viziwi wenye akili timamu walimaliza skuli wakiwa hawajui kuandika barua. Hadi mwaka 2010, mkutano wa aina ileile ulipofanyika Vancouver, Kanada, ndipo walimu hao walipotoa tamko la kujutia uamuzi wa Milan. Nakueleza haya ili ujue kwamba ukimpigia binti kelele karibu na uso, ukimwambia "sema ba, sema ba", unarudia kosa la watu waliokuwa na elimu kubwa kuliko yako na yangu.

Kisa cha Nicaragua kinafunza kinyume chake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya huko iliwakusanya watoto viziwi kutoka majumbani mwao katika skuli moja ya Managua. Walimu hawakujua lugha ya alama na walikuwa wakijaribu kuwafundisha kusema. Lakini uwanjani na ndani ya basi watoto walianza kuashiriana, kila mmoja na vijialama vyake vya nyumbani, na katika miaka michache ikazaliwa lugha kamili yenye sarufi yake, ambayo wataalamu wa isimu wanaisoma hadi leo. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Walichopewa ni wenzao.

Umeelewa ninapoelekea. Binti yako yumo pamoja na watoto 73 na yuko peke yake. Hata wale wa Salamanca, ambao wengi huwataja kana kwamba walisema kila mtoto akae darasa lolote lililo karibu, waliandika wazi kuhusu viziwi: kwa sababu ya mawasiliano yao, huenda wakafaa zaidi katika skuli zao maalumu, ama katika madarasa yao ndani ya skuli za kawaida. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaka serikali katika kifungu cha 24 iajiri walimu wanaojua lugha ya alama na nukta nundu, wakiwemo walimu wenye ulemavu wenyewe. Kwa hivyo ukiomba msaada hutakuwa umeshindwa kazi. Utakuwa unadai kitu ambacho nchi yako imekitia saini.

Sasa vitendo. Wiki hii, binti aende Hospitali ya Mnazi Mmoja akapimwe masikio, hata kama kila mtu ana hakika kwamba hasikii. Wapo watoto wanaoitwa viziwi kumbe wanasikia kidogo na kifaa cha kusikilizia kingewafaa, na wapo wenye maradhi ya sikio yanayotibika. Mama asiende peke yake kama unaweza kumpatia wa kumsindikiza.

Darasani, usiongee ukiwa umeuelekea ubao. Simama mahali mwanga unakupiga usoni, si dirisha likiwa nyuma yako. Kila neno unaloandika liambatane na kitu ama picha ama kitendo: "kata" ukikata, "embe" ukiwa na embe mkononi. Acha kumpa aya za kunakili. Maneno matano kwa wiki anayoyaelewa ni bora kuliko ukurasa mzima wa mwandiko mzuri, na hesabu mpe kwa vitu, kwani huko huenda akakushangaza. Haya yatamtoa kwenye giza kidogo. Usijidanganye kwamba ndiyo elimu yake.

Kisha mwandikie mwalimu mkuu barua. Nimesema barua, si mazungumzo ya mlangoni. Maneno hupeperuka, na wewe unahitaji nakala yenye tarehe. Eleza kwamba unaye mwanafunzi kiziwi, kwamba hujafunzwa lugha ya alama, na unaomba mambo mawili: Kitengo cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha cha Wizara kijulishwe kupitia afisa elimu wa wilaya, na wewe upewe ruhusa ya kwenda kukaa siku nzima katika darasa la mjini lenye watoto viziwi na mwalimu anayewamudu. Siku hiyo usiende na daftari la kuandika ripoti. Nenda ukaangalie mikono.

Wakati barua inapanda ngazi, wewe shuka. Mwulize sheha, waulize walimu wa skuli za jirani, waulize wakunga na wauza samaki: nyumba gani nyengine ina mtoto asiyesikia? Katika wilaya kama yenu binti huyu si wa pekee. Ukiwapata wawili ama watatu, hata wa umri tofauti, hata kama mmoja yuko Matemwe na mwengine Kivunge, wazazi wakutanishwe na watoto wacheze pamoja kila wiki mahali pamoja. Na kuna Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA. Waombe mtu mzima kiziwi aje skuli kwenu, hata mara moja kwa mwezi, mchangishane nauli yake. Binti mwenye miaka tisa ambaye hajapata kumwona mtu mzima wa namna yake, mwenye kazi na watoto na maneno mikononi, hajui kwamba hayo yanawezekana, na mama yake naye hajui.

Na skuli za mjini? Hili si jepesi, na usiliamue wewe. Ukimwambia mama leo "mpeleke mjini", atasikia "mtoe hapa", kama alivyokwisha kuambiwa pengine kabla yako. Lakini nitakuwa mkweli. Kama baada ya kuhangaika haya yote hapatikani mwenzake wala mwalimu, na kama yupo ndugu wa kweli huko mjini, Ng'ambo, shangazi ama bibi mwenye mapenzi na muda, atakayemtazama kama mwanawe na si kama mtumishi, basi kukaa huko karibu na darasa la viziwi ni bora kuliko kukaa nyumbani akinakili. Najua watakaonipinga, wakisema mahali pa mtoto ni kwa mama yake. Ni kweli, ila mtoto asiyeweza kumwambia mama yake anaota nini usiku naye yuko mbali na nyumbani. Ndugu wa namna hiyo akikosekana, abaki na wewe, na barua zizidi kwenda.

Hoteli ya Nungwi sina ugomvi nayo, na mumeo hasemi jambo la kijinga. Mshahara wa mwalimu tunaujua. Ukitaka kuondoka kwa ajili ya mshahara, ondoka, na usiombe radhi kwa mtu. Ila usiondoke kwa sababu ya binti huyu, maana pale mapokezi napo utakuwa unamsikia mama yake akigonga. Ukibaki, omba kusoma. Zipo kozi za elimu maalumu Bara na hapa kwetu, na Zanzibar ina haja ya mwalimu mwenye kusikia anayeashiria vizuri kuliko ilivyo na haja ya mpokezi mmoja zaidi.

Siku atakapokuja huyo mgeni wa CHAVIZA, usimsimamishe mbele ya darasa atoe hotuba. Mkalishe na binti pembeni, chini ya mti kama upo, uwaachie muda. Mama awepo, na mwambie aje na wadogo zake binti pia. Watoto hushika alama haraka kuliko sisi wakubwa, na skuli ikishafungwa mchana, wao ndio atakaokuwa nao.